Maswali Yenu: Kima wa Maabara na Koo Zao

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi chanjo inavyojaribiwa kwa kima kabla ya kumfikia binadamu. Barua zilizofuata ziligusa jambo tulilolipita mbio: kima wenyewe ni wa ukoo gani, na ukoo huo unabadilisha nini? Tumechagua saba. Hapa "kima" ni jina la jumla kwa jamii yote. Nyani na tumbili tutawaita kwa majina yao, maana msomaji aliyelala na njaa kwa sababu ya nyani shambani hatatuelewa tukimchanganya na tumbili.

Kwenye makala za utafiti wa UKIMWI kila mara naona "makaki rhesus wenye asili ya India". Kwani wa India na wa China si spishi moja? — Mwanafunzi wa tiba ya mifugo, Morogoro

Ni spishi moja ya kima wa Asia, Macaca mulatta, na dume wa China akikutana na jike wa India watazaa bila tatizo. Ila spishi hii imetapakaa kutoka Afghanistan hadi mashariki ya China, na makadirio ya vinasaba yanaonyesha kwamba koo hizo mbili zilianza kuachana yapata miaka 160,000 iliyopita. Muda huo umetosha kila upande ujikusanyie tofauti zake.

Asili hutajwa kwanza kwa sababu ya historia. Miaka ya 1950, chanjo ya polio ilipotengenezwa kwa seli za figo za kima, India ilikuwa ikiuza nje makumi ya maelfu ya rhesus kila mwaka. Mwaka 1978 serikali ya Waziri Mkuu Morarji Desai ilifunga biashara hiyo, baada ya habari kwamba wanyama hao wanatumiwa Marekani katika majaribio ya kijeshi ya mionzi kinyume cha makubaliano. Tangu hapo rhesus wa India walioko Marekani ni wajukuu na vitukuu vya wale walioingia kabla ya mlango kufungwa. Pengo likazibwa kwa kununua China. Watafiti wakajikuta na koo mbili ndani ya jina moja.

Sababu ya pili imo kwenye damu. Virusi vinavyotumika sana kuiga VVU kwa kima huitwa SIVmac239 (SIV ni jamaa wa VVU anayeishi kwa kima), navyo vilizoezwa ndani ya rhesus wa India. Kwa mnyama wa India huzaana kwa kasi na kumwangusha. Kwa mnyama wa China wingi wa virusi kwenye damu huwa mdogo zaidi, na ugonjwa huenda polepole. Sasa fikiria maabara iliyowapa chanjo wanyama wa China, ikawalinganisha na wanyama wa India wasiochanjwa wa jaribio la zamani. Chanjo itasifiwa kwa kazi iliyofanywa na ukoo.

Hata ndani ya wanyama wa India pekee mambo si sawa. Jeni za MHC, zile ambazo kwa binadamu huitwa HLA, hutengeneza vibebeo vinavyoanika vipande vya virusi juu ya seli ili askari wa kinga wavione. Binadamu ana jeni kuu tatu za daraja la kwanza: A, B na C. Rhesus hana C, lakini A na B zimejirudia mara nyingi kwenye kromosomu moja, na idadi yake haifanani kati ya mnyama na mnyama. Aleli, yaani toleo moja la jeni, iitwayo Mamu-A*01 iko kwa takriban mmoja kati ya rhesus watano wa India, na mwenye nayo huvimudu SIVmac239 kuliko wenzake. Mamu-B*08 na Mamu-B*17 ni adimu zaidi na zina nguvu zaidi: karibu nusu ya wenye B*08 huvibana virusi hadi vikawa haba kabisa, bila dawa wala chanjo. Kwa wanyama wa China Mamu-A*01 ni nadra mno. Makala ikiandika "rhesus" tu na kunyamaza, hapo ndipo pa kuanza kuitilia shaka.

Kwenye daftari la banda letu baba wa kila mtoto ameandikwa dume mkubwa wa kundi. Mkuu wangu anasema hiyo si kumbukumbu, ni kubahatisha. Baba halisi anapatikanaje? — Fundi wa maabara, Nairobi

Mkuu wako ana haki. Kwa makaki na kwa nyani pia, jike hupandwa na madume kadhaa katika siku zilezile za joto, na dume mdogo ajuaye kujificha nyuma ya banda hupata watoto wake vilevile. Ubabe humwongezea dume sehemu yake, haumpi watoto wote.

Anza na damu. Mililita 2 hadi 3 zinatosha na kubaki, ila ziingie kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, kisha uipindue taratibu mara 8 hadi 10. Usitumie ya kijani: heparini iliyomo huzuia mmenyuko wa PCR, ule unaonakili DNA mara nyingi ili isomeke, na wengi hupoteza wiki nzima wakilaumu mashine. Friji la nyuzi 4 linafaa kwa siku chache. Zaidi ya hapo peleka nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi. Ukishatoa DNA, pima usafi wake kwa uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280. Ukiwa karibu na 1.8, endelea. Kila mmenyuko unahitaji nanogramu 10 hadi 20 tu.

Kinachosomwa ni sehemu za DNA ambapo herufi chache hujirudia, mfano CACACA, na urefu wake hutofautiana kati ya mnyama na mnyama. Chagua sehemu 15 hadi 30 zilizo kwenye kromosomu mbalimbali. Kila mnyama atatoa namba mbili kwa kila sehemu, moja ya mama na moja ya baba. Tuseme mama ana 190 na 198, mtoto ana 190 na 206. Ile 190 imetoka kwa mama, basi 206 ni ya baba. Dume wa kwanza ana 194 na 206, wa pili 198 na 202, wa tatu 206 na 210. Wa pili ameanguka. Unahamia sehemu ya pili, ya tatu, hivyo hivyo hadi abaki mmoja.

Makosa yenyewe huanza hivi. Orodha ya madume huwa fupi mno. Mimba ya rhesus ni kama siku 165. Rudi nyuma siku 150 hadi 180 kutoka tarehe ya kuzaliwa, kisha andika kila dume aliyekuwepo, pamoja na vijana wa miaka mitatu na nusu ambao wafugaji bado huwaita watoto. Andika na wa banda la jirani kama ukuta ni wavu, maana wavu haujawahi kuzuia kitu.

Usimwangushe dume kwa kosa la sehemu moja. Sehemu hizi hubadilika zenyewe kizazi hadi kizazi, hivyo taka kutolingana kwa sehemu mbili au zaidi. Kuna pia mtego wa aleli isiyoonekana. Vianzio vingi vya PCR, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanza kunakili, vilivyotumika kwa kima vilibuniwa kwa DNA ya binadamu. Hata ramani ya kwanza ya kromosomu za nyani, ya mwaka 2000, ilichorwa kwa alama za binadamu. Mahali ambapo kianzio kinapaswa kushika, kima akiwa na herufi tofauti hakishiki, na aleli hiyo haitokei. Mama ataonekana 214 na 214, mtoto 222 na 222, nawe utaapa kwamba si wake. Kumbe wote wawili wamebeba aleli ileile isiyosomeka. Dalili yake ni hiyo: mzazi na mtoto wote wana namba moja iliyojirudia, na hazilingani. Ikitokea kwa jozi kadhaa kwenye sehemu ileile, itupe sehemu hiyo, usimtupe mzazi.

Na mama mwenyewe mpime. Majike wa rhesus huibiana watoto, na mara nyingine jike aliyefiwa hulea wa mwenziwe. Ukikuta mtoto hamlingani mama kwa sehemu sita na bado ananyonya kwake, soma kwanza namba ya chale kifuani au pajani, halafu pima jinsia kwa DNA kuhakikisha chupa hazikubadilishwa, ndipo useme ni mtoto wa kuasiliwa.

Kama bajeti inaruhusu, siku hizi wengi wamehamia kwenye alama za herufi moja moja. Unahitaji nyingi zaidi, lakini mashine husoma ndiyo au hapana, na mabishano ya "hii ni 198 au 200" yanaisha.

Nina beberu mmoja na mbuzi majike kumi. Nimesikia vituo vya kima navyo vina shida ya kuzaliana ndugu kwa ndugu. Wao hufanyaje? — Mfugaji, Kajiado

Hesabu yako na yao ni moja. Zidisha madume kwa majike, zidisha kwa 4, kisha gawa kwa jumla yao. Kwako: 4 mara 1 mara 10, gawa kwa 11, unapata 3.6. Yaani kwa upande wa vinasaba, wanyama wako 11 ni sawa na kundi la wanyama wasiofika wanne. Kila kizazi unapoteza, kwenye utofauti wa vinasaba, sehemu moja kati ya mara mbili ya namba hiyo, karibu asilimia 14. Beberu akirithiwa na mwanawe na wewe usilete damu mpya, baada ya vizazi vitano utakuwa umebakiwa na chini ya nusu ya utofauti uliokuwa nao. Banda lenye madume 5 na majike 50 linapata 18, na baada ya vizazi vitano hivyohivyo hubakiwa na asilimia 87.

Hiyo ni hesabu ya kiungwana, inayodhani madume wanagawana watoto sawasawa. Mmoja akizaa nusu ya watoto wote, namba halisi hushuka, na hapo ndipo vipimo vya ubaba tulivyomweleza fundi wa Nairobi vinapolipa gharama yake.

Vituo hukokotoa, kwa kila mnyama, wastani wa udugu wake na kundi zima. Mwenye wastani mdogo ndiye anayetakiwa kuzaa, hata kama ni mnyonge. Mwenye watoto kumi tayari hupumzishwa. Hatari za kukwepa zinajulikana: mtoto wa ndugu wa baba na mama mmoja, au wa baba na bintiye, ana mgawo wa 0.25 (nafasi ya kurithi nakala ileile ya jeni kutoka pande zote mbili), wa ndugu wa mzazi mmoja 0.125; wa binamu 0.0625.

Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye banda ni kazi nyingine. Rhesus huishi kwa koo za akina mama: bibi, mabinti, wajukuu, na kila ukoo una cheo chake. Kituo kikianza kuchomoa majike huku na kule ili kusawazisha vinasaba, koo hukatika vipande, cheo hakieleweki, na siku moja unakuta kundi zima limevamiana, wengine wamekufa. Kwa hiyo kinachohamishwa ni dume, kwa sababu hata porini yeye ndiye huondoka kwao akifika miaka minne au mitano. Akitoka ng'ambo kuingia Marekani hukaa karantini siku 31 au zaidi na kupimwa kifua kikuu angalau mara tatu, wiki mbili kati ya kipimo na kipimo. Dawa huchomwa kwenye ngozi ya kope, kisha kope huangaliwa saa 24, 48 na 72 baadaye. Kope ndiyo sehemu inayosomeka bila kumkamata tena mnyama. Ikivimba na kulegea unaiona ukiwa nje ya wavu.

Kisiwa cha Cayo Santiago, kando ya Puerto Rico, kinaonyesha dume anayehama ana thamani gani. Mwaka 1938 waliletwa rhesus 409 kutoka India kwenye ardhi ya hekta kama 15, na tangu hapo hakuna hata mmoja aliyeongezwa. Leo kuna zaidi ya elfu moja. Wasingeweza kudumu hivyo kama kila dume angebaki kwa mama yake.

Kwako wewe: badilisha beberu kabla mabinti zake hawajaanza kupandwa, na usinunue kwa jirani aliyenunua mahali uliponunua wewe.

Panya wa maabara hufanywa wafanane kabisa. Kwa nini kima wasifanywe hivyo? — Mwalimu wa baiolojia, Tabora

Panya hufananishwa kwa kupandisha kaka na dada vizazi 20 mfululizo. Jike wa panya huzaa akiwa na miezi miwili. Jike wa rhesus husubiri miaka mitatu hadi minne, tena huzaa mmoja. Vizazi 20 ni miaka 60 na zaidi, na ukoo ungekatika njiani kwa maradhi. Halafu mtafiti anayetaka kujua kama chanjo itafaa kwa binadamu wa kila aina hana faida na kima pacha mia moja.

Kuna lakini njia ya kati, tena ilijitengeneza yenyewe. Mabaharia wa Ulaya waliacha makaki wachache wenye mikia mirefu kisiwani Mauritius yapata miaka 400 iliyopita au zaidi. Wote wa leo ni uzao wa wachache hao, na MHC yao imejaa katika mafungu saba tu, M1 hadi M7. Kwa rhesus wa India kupata wanyama wawili wenye MHC ileile ni kama kutafuta sindano gizani. Kwa wa Mauritius unapima, unachagua, unapata. Wanaopandikiza seli za uboho au viungo huwapenda kwa sababu hiyo. Ila dawa mpya ikijaribiwa kwao, vipimo vya damu vilinganishwe na vya wenzao wa Mauritius, si na vya makaki wa Kambodia au Vietnam ambao ni spishi hiyohiyo lakini damu yao ina mchanganyiko mpana.

Je, nyani na tumbili wetu wamo katika utafiti huu? — Msomaji wa Mombasa

Wamo tangu zamani. Kundi kubwa la nyani huko San Antonio, Texas, lenye kumbukumbu za ukoo za vizazi vingi, lilianzishwa kwa wanyama waliotoka Kenya: wengi nyani wa kijani-zeituni, Papio anubis, na baadhi nyani wa njano, Papio cynocephalus, ambaye ndiye nyani wa pwani yenu. Kwa wanyama hao zilifuatiliwa jeni zinazopandisha mafuta ya damu. Nchini Kenya kwenyewe, kituo cha utafiti wa kima kilichoko Karen, Nairobi, ambacho mizizi yake ni kazi ya Louis Leakey, kimewatumia nyani katika utafiti wa kichocho.

Spishi hizo mbili huchanganyika hata porini. Nyani wa Amboseli wamefuatiliwa tangu 1971, na vinasaba vyao vinaonyesha mchanganyiko wa njano na zeituni wa vizazi vingi. Kwa hiyo mtu akikamata nyani "wa njano" kwa kutazama manyoya tu, huenda amebeba robo ya damu nyingine bila kujua.

Tumbili hutumika pia, ila wanaofugwa zaidi Marekani si wa kwetu. Ni wa Afrika Magharibi, Chlorocebus sabaeus, waliopelekwa visiwa vya Karibi enzi za meli za utumwa. Tumbili wengi wa Afrika wana SIV ya kwao isiyowaletea ugonjwa. Wa Karibi hawana, na utofauti wao ni mdogo kwa sababu waanzilishi walikuwa wachache. Na wale ambao hawajawahi kuona tumbili wa maabara wamekwisha kunufaika naye: seli za Vero, zilizotolewa kwenye figo ya tumbili huko Chiba, Japani, mwaka 1962, bado hukuza virusi vya chanjo.

Nimepima damu ya marmoseti, kila sehemu natoka na aleli tatu. Nimechafua sampuli? — Mwanafunzi, Göttingen

Huenda hukuchafua chochote. Marmoseti, kima wadogo wa Amerika Kusini, huzaa mapacha, na mapacha hao hushirikiana mishipa ya damu tumboni. Seli zinazozalisha damu huhamia kwa mwenzake na kukaa huko maisha yote, hivyo ndani ya chupa yako mna damu ya mnyama wako na ya nduguye. Pima pacha wake: aleli ya tatu ikiwa ni yake, jibu umelipata. Kisha rudia kwa seli za ngozi zilizokuzwa maabara, ambazo huwa na mchanganyiko mdogo zaidi. Mate yaache, yamejaa chembe nyeupe za damu.

Nina rhesus 12 wa India, 6 wapate chanjo na 6 wasipate. Niwagawe kwa kura tu? — Mwanafunzi wa uzamili (barua hii haikutaja mji)

Kura peke yake ni hatari kwa idadi ndogo. Tuseme watatu kati ya 12 wana Mamu-A*01. Ukipiga kura tupu, nafasi ya wote watatu kuangukia kundi la chanjo ni 1 kati ya 11, na nafasi ya kuangukia kundi moja, lolote liwalo, ni 2 kati ya 11. Hakuna anayepanda ndege yenye nafasi hizo.

Pima MHC kabla. Wenye B*08 na B*17 waondoe na kuwabadilisha, hawafai kwa swali lako. Wenye A*01 watafute wawe wawili au wanne ili wagawike sawa. Kama utatumia SIVsmE660, aina nyingine ya SIV, badala ya SIVmac239, pima na jeni ya TRIM5, kwa sababu aina zake nyingine huvizuia virusi hivyo mlangoni, SIVmac239 haijali. Usiamini DNA ya mitokondria peke yake kuthibitisha uhindi wao: hiyo hurithiwa kwa mama tu, na mnyama mwenye mama wa India na baba wa China ataonekana Mhindi safi.

Ukimaliza, waoanishe wawili wawili kwa jinsia, umri, uzito na MHC, halafu kura ipigwe ndani ya kila jozi. Ndugu wa baba mmoja wagawanye pande zote mbili. Wakijaa wanne upande mmoja, kwenye jedwali utaandika wanyama sita lakini taarifa uliyonayo haifiki ya sita, na mhakiki makini atakuuliza jina la baba yao.